Papa Aliyechinjwa kama Mbuzi

Juzi nilikuwa saluni hapa Voi, nimekaa kwenye kiti nikipakwa rangi ya nywele, maana mvi zimeamua kutoka zote kwa pamoja. Msichana alipofungua ile chupa ya dawa, harufu kali ikanipanda puani hadi machozi yakanitoka. Akaniomba radhi, akadhani imeniingia machoni. Nikamwambia si kitu, aendelee. Sikumwambia kwamba nimemkumbuka papa, kwa sababu angecheka, na kwa sababu hadithi yenyewe haisimuliki kichwa kikiwa kimefungwa mfuko wa nailoni. Lakini ninyi wa rika langu, mliokulia enzi ambazo nyama ilikuwa ya Krismasi na ya mgeni, mtanielewa.

Kwanza niwaeleze kuhusu mama na samaki. Mama alizaliwa na kukulia Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na kwao samaki hakuhesabiwa kuwa chakula. Nyanya alikuwa akisema kiumbe asiye na miguu, na bado anakimbia hivyo, ni nyoka tu, hata akivaa magamba. Mara moja baba alileta ngege wa Ziwa Jipe aliowanunua kwa mtu wa Taveta. Mama hakugombana naye. Alikusanya sufuria zake zote, akazihamishia kwa jirani, akakaa huko mpaka harufu ikaisha. Baba akawachoma ngege wake juu ya kipande cha bati, tukala mimi na yeye nyuma ya nyumba kama wezi. Nilimpenda baba sana siku hiyo, na nilimpenda zaidi kwa sababu aliniachia mkia.

Wakati ninaousema tulikuwa tumepanga chumba kimoja hapa Voi. Baba alikuwa mchunga ng'ombe kwenye ranchi upande wa Ndara, na kazi hiyo aliiweza kuliko kitu kingine chochote duniani. Kisha kikaja kiangazi kibaya. Ng'ombe wakaisha, na wachungaji wakaambiwa warudi kwao. Baba akahangaika, mwishowe akapata kazi ya kulinda nyumba ya tajiri mmoja kule Gazi, pwani ya kusini. Mtu ambaye hajawahi kuogelea, ambaye maji mengi aliyoyajua ni ya birika la mifugo, akaenda kulala hatua chache kutoka baharini. Mama alibaki Voi na mimba kubwa, pamoja nami na mama mdogo, ambaye alikuwa dada yake wa kufuatana.

Mama alijifungua mtoto wa kiume, Mghanga, na haikuwa rahisi. Nakumbuka mabeseni yakitolewa chumbani, yamefunikwa kanga, na damu imepenya kwenye kanga. Nakumbuka jirani akisema, "Amemwaga damu nyingi, huyu." Mimi nilielewa kitoto. Nilidhani damu ni mali, na ikitoka lazima kuna mtu aliyeichukua. Nikakaa nikijiuliza ni nani, na kama ameridhika au atarudi kuchukua iliyobaki. Sikumuuliza mtu yeyote. Watoto wa siku zile hatukuuliza mambo ya uzazi.

Mama akapelekwa kliniki, akarudi amekuwa mweupe viganjani. Muuguzi alikuwa amemwambia baba, ambaye aliomba ruhusa akaja kumwona, "Mama huyu hana damu. Ale nyama, ale maini, anywe mchuzi. Asipokula, maziwa yatatoka wapi?" Baba aliitikia ndiyo, ndiyo, huku akiangalia viatu vyake. Nyama ya bucha kwetu ilikuwa ya kutazamwa kupitia dirishani. Mama alikula uji, alikula mchicha na maharagwe, na maziwa hayakuja. Mghanga alinyonya kidogo, akaachia, akalia kilio chembamba ambacho hata kuku hawakugeuka kukisikiliza. Walijaribu kumpa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, yakamharisha. Siku moja nilikuwa nyuma ya pazia nikamsikia mama mdogo akimnong'oneza jirani, "Tusipoangalia, mtoto huyu tutamzika." Nilikaa pale nyuma ya pazia muda mrefu.

Shule zilikuwa zimefungwa. Baba alipokuwa anarudi kazini alinichukua, ili nyumbani upungue mdomo mmoja. Ndivyo nilivyoiona bahari kwa mara ya kwanza, na sikuipenda. Ilinuka, ilikuwa haitulii, na nilikuwa nimesikia kwamba ndani yake kuna papa wanaokula watu.

Kule Gazi baba alikuwa ameshajifunza kujilisha. Samaki wazuri, changu na tafi na kolekole, walipotua tu walikwenda mahotelini, hata harufu yao hukuisikia. Waliobaki ni wale ambao hakuna aliyewagombania. Kulikuwa na kikande, ambaye ngozi yake ni ngumu kama ya kiatu. Kulikuwa na taa, yule mpana mwenye mwiba mkiani, na mkunga, ambaye sitamwelezea kwa sababu huyo kweli ni nyoka na nyanya alikuwa sahihi. Baba aliwavua hao. Maji yakitoka alitembea mpaka kwenye mwamba ulio ukingoni mwa mkondo, ameshika mshipi na ndoana, na kamba nene ameifunga kiunoni. Ncha ya pili ya kamba aliifunga kwenye mkoko, kwa fundo lile lile alilokuwa akifungia fahali. Wavuvi waliopita na mitumbwi walimpigia kelele, "We Mtaita, umejifunga mwenyewe? Utakula majani hapo?" Baba alicheka nao. Kamba hakuifungua.

Kikande alimchuna badala ya kumpaa magamba. Aliingiza kidole gumba chini ya ngozi, akavuta, ngozi yote ikatoka kama soksi, na nyama ndani ilikuwa nyeupe na tamu. Mimi nilikula. Nilikuwa nimeshakula ngege nyuma ya nyumba, sikuwa na la kupoteza. Lakini kila tulipoketi kula, baba alitafuna polepole na kuangalia upande wa barabara ya kwenda nyumbani. Nilijua anawaza nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nikiwaza hilo hilo.

Jirani yetu pale alikuwa Bi Mwanakombo, mama karanga, yaani wale akina mama wanaonunua samaki wadogo kwa wavuvi, wanawakaanga na kuwauza kando ya barabara. Alikuwa mnene, mwenye sauti kubwa, na alinipenda bila kuulizwa. Baba alipomweleza habari za mama, alipiga makofi kwa mshangao.

"Mzazi mnampa mchicha? Yarabi! Huku kwetu mzazi hupewa papa. Papa mchanga, apikwe mchuzi, anywe na jasho limtoke. Maziwa yatajaa mpaka aombe wa kumsaidia kunyonyesha."

"Mama Wakio hali samaki, Bi Mwanakombo," baba akasema, akimtaja mama kwa jina langu. "Hata akifa."

"Basi papa ndiyo kabisa. Huyo hata sisi wenyewe anatunukia vibaya. Ukimlaza kidogo tu, nyumba nzima itadhani kuna mtoto amekojoa."

Alikuwa amesema kweli. Pale alipokaangia palikuwa na vipande vya papa alivyopewa na mvuvi, na harufu yake ndiyo hiyo hiyo ya saluni, inayochoma pua na kutoa machozi. Baba alikiokota kipande kimoja, akakigeuza, akakinusa. Mtu mwingine angekirudisha upesi, lakini baba alikinusa mara ya pili.

"Huyu alichinjwa saa ngapi?" akauliza.

Bi Mwanakombo alicheka mpaka akashika mbavu. "Achinjwe? Samaki hachinjwi, Mtaita! Samaki akitoka majini amekwisha kuwa halali. Nani amekufundisha kuchinja samaki?"

Baba hakuudhika. Alisema taratibu, kama alivyokuwa akisema mambo ya ng'ombe, "Hata beberu ukimwacha afe na damu yake, hutakaa naye nyumba moja."

Tangu siku hiyo hakutaka tena kikande. Alitafuta ndoana kubwa na waya wa kufungia, akatia chambo cha vipande vya taa, akasimama kwenye mwamba wake na kamba yake kiunoni maji yakianza kujaa. Mimi nilikaa nyuma, juu ya mizizi ya mkoko, nikiomba asipate kitu, kwa kuogopa. Papa wa kichwani mwangu alikuwa mkubwa kuliko nyumba tuliyokuwa tukilinda. Aliyetoka majini asubuhi moja alikuwa mrefu kama mguu wangu, kijivu, macho kama ya paka. Hata nilimwonea huruma kidogo. Lakini alipiga mkia juu ya mwamba kwa nguvu, na baba akamwangukia kwa magoti yote mawili na kumkaba nyuma ya kichwa, kama anavyokabwa ndama anayetaka kupigwa chapa.

Na akamchinja. Alitoa kisu chake cha ranchi, akamkata chini ya koo, kisha akamshika mkia na kumning'iniza kichwa chini ndani ya kidimbwi cha maji. Damu ikatoka, ikatanda, maji yakawa mekundu.

"Wacha itoke yote," baba akasema, wala hakuwa akisema nami. "Yote. Isibaki hata tone."

Pale ndipo nilipoelewa, au nilidhani nimeelewa. Kumbe ni bahari iliyochukua damu ya mama! Baba alikuwa amekuja huku kulipa. Ndiyo maana alijifunga kamba, ili bahari isimchukue na yeye kabla hajamaliza. Yote yakaniingia akilini kwa mara moja, yakakaa sawasawa. Nikashuka kwenye mizizi, nikasogea hadi ukingoni mwa kile kidimbwi, nikainama, nikaiambia ile damu kwa sauti ya chini, "Chukua hiyo. Utuachie mama." Baba alinitazama, akafikiri nasali, akavua kofia.

Nilikuwa mtu mzima nilipomwambia mama jambo hilo. Alisema kama ni hivyo basi bahari ilikuwa na roho nzuri, ilikubali malipo madogo. Sijui kwa nini maneno yake yalinifurahisha hivyo. Labda ni kwa sababu hakunicheka.

Turudi kwa papa. Baba alimtundika kwa mkia kwenye boriti ya kibanda cha mlinzi, akampasua, akatoa matumbo, akaanza kumchuna kwa ngumi, kati ya ngozi na nyama, kama anavyochunwa mbuzi. Ngozi ya papa ni msasa. Ilimkwaruza vidole mpaka vikatoka damu, naye akawa anavilamba na kuendelea. Habari zilishasambaa. Wavuvi wakaja kutazama, na watoto, na Bi Mwanakombo na kijiko chake cha kukaangia mkononi. Watu walicheka siku ile! Mmoja akauliza kama kichwa kitapelekwa kwa mjomba, mwingine akataka supu ya kwato. Baba alichunwa yeye kwa maneno kuliko papa.

Alikata nyama vipande vikubwa, akaviosha kwa maji ya chumvi, akavichemsha kwa chumvi na kitunguu tu. Tukakaa tukisubiri ile harufu ipande. Haikupanda. Bi Mwanakombo aliinamisha pua juu ya sufuria, akainuka, akainamisha tena. Akachukua kipande, akatafuna, akatafuna, akachukua na cha pili. Kisha akamgeukia baba. "Mtaita, mpelekee mkeo. Na upesi."

Alfajiri mbili tatu baadaye baba alipata wengine wawili, na wote aliwafanyia vile vile. Alimwachia mlinzi wa nyumba ya pili funguo zake, akaipaka nyama chumvi, akaifunga kwa majani ya mgomba na gunia lililoloweshwa. Tulivuka feri, na upande wa pili tukapata lori lililokuwa limeshusha makonge na linarudi Voi tupu. Dereva alituweka mbele pamoja naye, gunia miguuni mwangu. Jua lilikuwa kali. Kila tulipokaribia kilima baba aliinama kama anayefunga kamba za viatu, kumbe ananusa. Tulipofika Maungu dereva aliuliza tumebeba nini. Baba akasema nyama. Dereva akasema, "Leo nyumbani kwenu kuna sherehe," na hakufungua hata kioo. Baba alinifinya bega. Nilijua tumeshinda nusu.

Nusu ya pili ilikuwa mama.

Tulimkuta amelala ubavu, mtoto kifuani, wote wawili wamechoka na kilio. Baba aliweka gunia chini. Alienda nje kwa jiko, akapika mwenyewe, na mama mdogo akasimama mbali ameshika kiuno kama askari. Harufu iliyotoka ilikuwa ya nyama na kitunguu, basi. Baba alimimina mchuzi na vipande kwenye bakuli, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. Angeweza kusema ni mbuzi. Mama mdogo alimkonyeza aseme ni mbuzi, nilimwona. Baba akasema, "Si mbuzi. Ni papa wa baharini."

Mama aligeuza uso ukutani.

"Sikiliza kwanza," baba akasema. "Niulize unachotaka."

Mtoto akaanza kile kilio chake chembamba. Mama akauliza, bado ametazama ukuta, "Ana magamba?"

"Hana. Ana ngozi. Nilimchuna."

"Ana miiba?"

"Hana hata mmoja. Ana gegedu kama la sikio."

"Alikufa mwenyewe?"

"Nilimchinja."

Mama akageuka. "Ulimchinja?"

"Nilimchinja, damu ikatoka yote. Nikamtundika. Wakio alikuwepo, muulize."

Mama alinitazama. Nikasema ndiyo, na kwamba watu wote walicheka, na kwamba baba alijikwaruza vidole. Akauchukua mkono wa baba, akaugeuza, akavitazama vile vidole vyenye magaga meusi ya damu iliyokauka. Kisha akainuka akakaa, akamkabidhi mama mdogo mtoto, akachukua bakuli. Alikunywa mchuzi kwanza, amefumba macho. Halafu akala kipande. Halafu akasema, kwa ukali kana kwamba anatugombeza, "Chumvi haitoshi," na sote tukakimbilia chumvi.

Alikula jioni hiyo, alikula kesho yake asubuhi na mchana. Sisemi papa ana uchawi. Mtu aliyekaa majuma na uji na mchicha, ukimpa nyama na mchuzi moto na mume anayepiga magoti, mwili utaamka. Nimeishi miaka mingi na nimepewa vitu vizuri na watu wema, lakini sijaona tena zawadi ya namna ile. Baba alimletea mama chakula kilichokunjiwa uso na watu wa pande zote mbili, wa pwani kwa harufu yake na wa milimani kwa jina lake, akakifanya kiwe cha nyumbani kwa kazi ya mikono aliyoijua. Aliwaza, mke wangu anakula kilichochinjwa, basi nitachinja. Nikiona siku hizi watu wanavyoshindwa kupikiana hata chai, namshukuru Mungu nililelewa katika chumba kile.

Siku ambayo baba alikuwa arudi kazini, alikuwa nje kwenye mfereji wa ploti, lile bomba la wapangaji wote, akifua lile gunia. Mimi nilikuwa ndani, namtazama Mghanga akinyonya. Nilikuwa nimezoea mwendo wake, avute kidogo, aachie, alie. Safari hii hakuachia. Nilisikia koo lake likigugumia, likipumzika, likigugumia tena, na kiganja chake kikafunguka juu ya kifua cha mama. Kisha ghafla akakohoa, akatoa macho, uso ukabadilika rangi.

Nikatoka mbio nikipiga kelele, "Baba! Mtoto amepaliwa!"

Baba aliliacha gunia, akapiga teke ndoo, akanipita mlangoni hata hakuniona. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye alikuwa akingojea neno hilo tangu zamani. Mama alikuwa amekaa, mtoto begani, anampigapiga mgongo.

"Amepaliwa na nini?" baba akauliza.

Mama akamgeuza mtoto ili tumwone. Kidevu chote kilikuwa cheupe, na shingo, na kanga ya mama ilikuwa imelowa mpaka tumboni.

"Na maziwa," mama akasema. "Yamemzidi."

Baba akaketi chini pale pale mlangoni, mikono yake ikitiririka maji ya sabuni, akalia. Mama akamwacha alie, kisha akamweka mtoto kwenye titi la pili.